Sinema Bubu kwa Wenye Mifugo wa Nyanza Kusini

Mwaka 1961 John Wilson wa Chuo Kikuu cha London alisimulia kisa ambacho kimerudiwa mara nyingi katika vitabu vya sinema. Mkaguzi wa afya alipiga filamu ya dakika tano hivi kuwafunza wanakijiji wa Kiafrika namna ya kumwaga maji yaliyotuama na kukusanya makopo matupu. Filamu ilikwenda polepole kwa makusudi, kila tendo likionyeshwa tangu mwanzo hadi mwisho. Ilipokwisha, watazamaji thelathini na kitu waliulizwa wameona nini. Wakajibu mara moja kwamba wameona kuku. Waliotengeneza filamu hawakujua kuwa mna kuku ndani yake. Walipoikagua picha moja baada ya nyingine ndipo walipomkuta, amekatiza chini upande wa kulia kwa muda wa sekunde moja hivi.

Mwaka uliofuata Marshall McLuhan wa Kanada alikitia kisa hicho katika kitabu chake The Gutenberg Galaxy, kama ushahidi kwamba asiyejua kusoma maandishi hajui pia kusoma picha. Tangu hapo kuku huyo ametembea dunia nzima.

Kisa hakitaji Homa Bay wala Migori, kaunti za Nyanza Kusini nchini Kenya. Mwanahistoria James Burns, aliyevifuatilia visa vya namna hii, ameonyesha jinsi vilivyohama kutoka koloni moja hadi jingine huku umbo lake likibaki lilelile. Cha mbu ndicho mashuhuri zaidi: watu wanaonyeshwa mbu aliyekuzwa akajaa kitambaa kizima, nao wanasema kwao hakuna mbu wakubwa kiasi hicho. Lakini kisa cha kuku kikiletwa huko, kando ya Ziwa Victoria, kwa watu wanaojua kuku ni nani katika boma, maana yake inapinduka. Huko, aliyemwona kuku kwanza ndiye aliyetazama vizuri.

Katika desturi ya Wajaluo mwanamume anapotoka kwa baba yake kwenda kuanzisha boma lake mwenyewe, msafara wake huwa na jogoo, shoka na moto, na mwanawe wa kwanza hufuatana naye. Jogoo si kitoweo cha safari. Ni alama ya mwenye boma, na kuwika kwake mahali papya ni tangazo kwamba pana mtu. Mwenye boma akifa, jogoo wake huchinjwa na kuliwa, na waliohudhuria mazishi huelewa kwamba boma lile limepoteza kichwa chake. Mtu aliyelelewa hivyo akiona ua, nyumba na jogoo kwenye picha, haoni takataka iliyoingia kwenye lenzi kwa bahati mbaya. Anaona habari ya msingi: hapa ni kwa nani, na je, mwenyewe yupo?

Ramani ya boma lenyewe inafundisha kusoma picha. Nyumba ya mke wa kwanza, mikayi, huelekea lango. Nyumba za wake wengine hupangwa kulia na kushoto kwa zamu yao ya kuolewa, na simba, yaani vibanda vya wana wa kiume, huwa karibu na lango. Zizi huwa uani, mahali ambapo kila mlango unaliona. Mgeni anayeingia na kutupa jicho moja tu hutambua wake ni wangapi, nani mkubwa, wana wameoa au bado, na ng'ombe wanatosha mahari ya nani.

Ukale wa mpangilio huu unaonekana Thimlich Ohinga, kaunti ya Migori, kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori. Hapo zimesimama kuta za mawe zilizopangwa bila udongo wala saruji, nyingine zikipita urefu wa mtu mara mbili. UNESCO iliziingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018, ikieleza kwamba utamaduni huo wa kujenga ngome za mawe katika bonde la Ziwa Victoria ulidumu tangu karne ya 16 hadi katikati ya karne ya 20. Ndani ya kuta hizo waliishi watu pamoja na mifugo yao. Milango ni mifupi na myembamba, kiasi kwamba mwizi wa ng'ombe angelazimika kuinama ndipo aingie. Jiwe zito kama lile halibebwi mabegani kwa ajili ya kulinda vyungu. Kilicholindwa ni zizi, kwa sababu zizi ndilo lililokuwa ndoa za kesho, fidia za ugomvi na chakula cha mwaka wa njaa.

Hawa ndio watu ambao maafisa wa kikoloni waliwaandika kama wageni kabisa wa kutazama.

Walikuwa na michezo yao, na wanyama walikuwa wachezaji. Mzee akifariki, wanaume walifanya tero buru: waliswaga ng'ombe nje ya boma kwa mikuki, ngao na pembe za kupulizwa, wakienda kukifukuza kifo hadi porini, kisha wakirudi kwa kishindo. Mafahali walijipata katikati ya mchezo wa vita, na watoto walitazama kutoka kandokando wakijua kila ng'ombe kwa jina na kwa tabia. Usiku ulikuwa na jukwaa lake jingine. Katika siwindhe, nyumba ya bibi kizee aliyelea wasichana na watoto wadogo wa boma, zilisimuliwa sigana, yaani ngano, na shujaa wa nyingi kati yake alikuwa Apwoyo, sungura. Apwoyo humdanganya fisi, humpanda ndovu kichwani, hula asichopanda, na mara nyingine hunaswa na hila zake mwenyewe. Bibi alibadilisha sauti kwa kila mnyama, alitembea kwa mwendo wa fisi, akanyamaza mahali pa kunyamaza. Wasikilizaji waliitikia na kudakia. Vichekesho vifupi vya familia na wanyama vilikuwa na nyumba, saa na msanii wake kabla ya projekta yoyote kuvuka Mto Kuja.

Huko Ulaya na Marekani nako sinema ilipoanza, wanyama wa nyumbani walikuwa miongoni mwa nyota wa kwanza. Mwaka 1905 Mwingereza Cecil Hepworth alitengeneza Rescued by Rover, filamu fupi ambamo mbwa wa familia anamtafuta na kumpata mtoto aliyeibwa. Hepworth mwenyewe aliigiza baba, mkewe akaigiza mama na kuandika kisa, mtoto wao akawa mtoto, na mbwa wao Blair akawa shujaa. Nakala zilizotakiwa zilikuwa nyingi mno hata mkanda wa asili ukachakaa, na Hepworth akalazimika kuipiga filamu yote upya mara mbili. Mwaka 1918 Charlie Chaplin alitoa A Dog's Life, ambamo mtu asiye na kazi na mbwa asiye na mwenyewe wanaiba na kugawana chakula, wakikimbia polisi pamoja. Mwaka 1922 Hal Roach alianzisha mfululizo wa Our Gang, watoto wa mtaani pamoja na mbwa wao.

Kisha kuna Buster Keaton katika Go West ya mwaka 1925. Kijana maskini anapendana na ng'ombe jike aitwaye Brown Eyes, na mwishoni tajiri mwenye ranchi anapomwambia achague zawadi yoyote, huku binti wa tajiri akisimama pale, kijana anamchagua ng'ombe. Ukumbi wa Marekani uliangua kicheko kwa sababu kwao mwanamume mwenye akili huchagua msichana. Kando ya ziwa, ambako mahari hulipwa kwa ng'ombe, kichekesho hicho kinashika mahali pengine kabisa. Anayemchukua ng'ombe amechukua mwanzo wa njia ya kumpata msichana. Kinachochekesha ni kwamba anaridhika na mmoja tu. Picha ile ile ingezaa vicheko viwili, kila kimoja na hekima yake.

Inafaa kukumbuka tarehe. The Jazz Singer, filamu iliyozipa picha sauti, ilitoka Oktoba 1927, na miaka michache baadaye filamu bubu zilikuwa zimeondolewa katika kumbi za London na New York. Kwa vijiji vya Afrika Mashariki enzi ya filamu bubu ilikuwa ndiyo kwanza inaanza.

Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, ulianzishwa mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Wazo lilitoka kwa J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Wamisionari, fedha nyingi zikatoka Shirika la Carnegie la Marekani, na kazi ikasimamiwa na watu wawili: L. A. Notcutt, aliyewahi kusimamia mashamba ya mkonge na kujaribu sinema kwa vibarua wake, na G. C. Latham, aliyekuwa mkuu wa elimu ya Waafrika huko Rhodesia ya Kaskazini. Hadi mradi ulipofungwa mwaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu fupi zipatazo 35, waigizaji wakiwa Waafrika wa hapohapo. Mikanda yenyewe ilikuwa bubu. Maneno yalirekodiwa kwenye santuri zilizochezwa sambamba na picha, kwa Kiswahili, Kisukuma, Kikuyu, Kiganda, Kinyanja, Kibemba na lugha nyingine, Dholuo, lugha ya Wajaluo, ikiwemo. Mradi uliojiita wa Wabantu ulilazimika kusema lugha ya watu wa Nyanza wasio Wabantu, kwani hapakuwa na namna ya kuzunguka Kenya na kuwaruka.

Filamu hizo zilihubiri. Moja ilionyesha mtu anayefukia fedha zake ardhini zikaibwa, na mwenzake anayeziweka Benki ya Posta. Nyingine zilihusu kodi, safura, malaria ya watoto, mmomonyoko wa udongo na utayarishaji wa ngozi. Katikati ya mahubiri hayo, hata hivyo, mna The Hare and the Leopard, hadithi ya sungura na chui. Watengenezaji walitambua jambo ambalo bibi wa siwindhe asingehitaji kuambiwa: ukitaka watu waketi, anza na sungura. Kati ya kazi zote za Vugiri, hiyo ndiyo iliyokaribia zaidi kuwa kichekesho bubu cha wanyama kilichotengenezwa Afrika Mashariki kwa ajili ya watu wa Afrika Mashariki, na inasikitisha kwamba njia hiyo haikufuatwa. Serikali za makoloni hazikutaka kuugharamia mradi, Vugiri ikafungwa, na sinema ikarudi mikononi mwa idara za habari.

Mwaka 1939 Uingereza iliunda Colonial Film Unit chini ya William Sellers, aliyekuwa afisa wa afya Nigeria na mzazi wa kanuni za jinsi ya kutengeneza filamu za Waafrika: picha ziende taratibu, kamera isirukeruke, hila za sinema ziachwe, na kisichohusika kiondolewe kwenye fremu. Mwongozaji wake mkuu alikuwa George Pearson, mzee wa filamu bubu za Kiingereza, ambaye mwaka 1921 alipata sifa kwa Squibs, kichekesho cha muuza maua wa London. Pearson alikuwa amepoteza nafasi yake kwao sauti ilipoingia. Ufundi wake wa kusimulia bila maneno ulipata kazi ya pili kwa ajili ya vijiji vya makoloni. Mwaka 1940 kitengo kilitoa Mr. English at Home, siku nzima ya familia ya fundi seremala wa Kiingereza tangu alfajiri hadi usiku, na ikapelekwa Afrika ili watu waone mtawala wao akiwa baba wa kawaida mwenye mke, watoto na meza ya chai.

Mtazamaji wa Kavirondo Kusini, jinsi wilaya iliyobeba Homa Bay na Migori ilivyoitwa wakati huo, angeitazama nyumba ile kwa macho ya boma. Mke mmoja. Hakuna zizi. Hakuna lango la kufungwa usiku. Wana wanalala chini ya paa moja na mama yao. Serikali ilitaka kuonyesha maendeleo, na bila kukusudia ilimwonyesha mwanamume asiye na mfugo hata mmoja wa kumwozesha mwanawe.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia magari ya sinema yalianza kuzunguka mikoa ya Kenya, Nyanza ikiwa mojawapo, mkoa uliotoa maelfu ya askari na wapagazi. Jeshi nalo lilikuwa na kikosi chake cha propaganda kilichoongozwa na Alec Dickson, ambacho askari wake wa makabila mbalimbali waliigiza, walicheza gwaride na kuonyesha filamu hadharani. Gari lilifika sokoni mchana, likatangaza kwa kipaza sauti, kitambaa cheupe kikatungikwa, na giza lilipoingia jenereta ikawashwa. Ratiba ilichanganya habari za vita, filamu za afya na kilimo, kisha kichekesho. Katika makoloni ya Uingereza barani Afrika kichekesho hicho mara nyingi kilikuwa cha Chaplin, na watu walivumilia somo la choo cha shimo wakimsubiri yeye. Sellers alisema hila na kasi zingewachanganya. Chaplin ni hila na kasi mwanzo hadi mwisho, na alieleweka bila shida. Jambo hilo peke yake lilitosha kuziangusha kanuni zote, na bado zilidumu hadi kitengo kilipofungwa mwaka 1955.

Kando ya kitambaa alisimama mtu ambaye historia za sinema zinampita haraka mno: mkalimani. Mikanda ilikuwa bubu au ilisema Kiingereza, hivyo ilikuwa kazi yake kuipa lugha. Alikuwa na maandishi ya idara mkononi na umati mbele yake, na alipaswa kuwaridhisha wote wawili. Ndiye aliyewapa wazungu wa kwenye picha majina, ndiye aliyeamua mbwa anasema nini. Wajaluo walikuwa na shule kali ya sanaa hii. Katika karamu za pombe na kwenye muziki wa nyatiti, kinanda cha nyuzi cha Wajaluo, kuna pakruok, kujisifu kwa mafumbo: mtu humsimamisha mpigaji, hutoa kitu, kisha hujiita fahali, mamba au ndege kwa maneno ambayo lazima yapite ya aliyetangulia. Aliyezoea kuusimamisha wimbo ili aseme lake hawezi kukaa kimya mbele ya picha isiyo na sauti. Filamu bubu ilimwachia nafasi, naye alijua nafasi hutumiwaje.

Serikali ilijua pia, na ndiyo maana haikuiachia sinema ijiendeshe. Kenya ilikuwa na sheria ya michezo ya jukwaani na maonyesho ya sinema tangu 1912, na udhibiti ulitofautisha kile Mzungu aruhusiwacho kuona na kile Mwafrika aruhusiwacho. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani iliyotungwa 1962, mkesha wa uhuru, iliurithisha udhibiti huo kwa taifa jipya. Mkalimani ndiye aliyekuwa mgumu kudhibitiwa, kwa kuwa alichosema Jumanne Kendu Bay hakikulazimika kuwa alichosema Alhamisi Rongo.

Kitu cha karibu na kichekesho kirefu cha mkoloni kwa Kiswahili kilikuja 1952 kutoka Tanganyika, Muhogo Mchungu, mwigizaji wake mkuu akiwa Rashidi Kawawa, ambaye baadaye alikuwa waziri mkuu. Ni kisa cha mtu wa shamba anayetapeliwa mjini. Kilipendwa, na kilikuwa na sauti. Sauti ilipopatikana, mkalimani wa kando ya kitambaa alipunguziwa kazi, na vichekesho vya familia vikahamia redioni, halafu kwenye runinga. Huko Sauti ya Kenya, baadaye KBC, kilikaa kwa miaka mingi Vitimbi, ambamo Benson Wanjau aliigiza Mzee Ojwang kwa lafudhi ya Kijaluo ingawa yeye hakuwa Mjaluo, na Mary Khavere akaigiza Mama Kayai. Wanjau alifariki Julai 2015. Nchi nzima ilimcheka na kumpenda mzee wa boma anayegombana na mkewe, na watu wa Nyanza walijiona mle, mara kwa furaha, mara kwa manung'uniko kuhusu lafudhi yao kugeuzwa kichekesho.

Mkalimani mwenyewe hakufa. Kanda za video zilipoenea, kumbi ndogo zilifunguliwa katika vituo vya biashara na kwenye fuo za wavuvi, na filamu za Kihindi, Kichina na Kimarekani zikahitaji tena mtu wa kuzisemea. DJ Afro ndiye jina kubwa la kazi hiyo nchini Kenya. Huifunika sauti ya asili kwa Kiswahili cha mtaani, huwaita wahusika kwa majina aliyowatungia mwenyewe, humwonya shujaa asiingie nyumba ile, hucheka kabla ya watazamaji na pamoja nao. Uganda wanao maviijei wao wanaofanya vivyo hivyo kwa Kiganda. Vijana wanaomsikiliza wakiwa Mbita au Isebania wamezaliwa muda mrefu baada ya gari la mwisho la sinema ya serikali, na hakuna anayeketi kimya hadi mwisho. Wanamdakia, wanambishia na kumkosoa pale anapolipita jambo ambalo wao wameliona.

Kati ya filamu zilizotengenezwa Vugiri, tatu zinajulikana kuwa zimesalia, nazo zimehifadhiwa na Taasisi ya Filamu ya Uingereza. Moja inahusu safura, nyingine mashamba ya wakulima wa Kiafrika, na ya tatu mafunzo ya Waafrika katika utabibu wa mifugo. Zote ni za mwaka 1936. Hiyo ya tatu ingefaa kuonyeshwa Awendo au Ndhiwa siku ya mnada wa ng'ombe, Dholuo ikisemwa kando yake, mbele ya watu wanaoweza kumtazama mnyama akitembea hatua nne na kusema ana ugonjwa gani.